Dende dume ao jike? Mwongozo kamili wa kutambua kobayi bila kujidanganya

Kila mara natumiwa foto za dende (kobayi, simbilisi). Mutu anaandika "yaya, dende zangu zinaumana mpaka damu, nipe dawa", namuuliza uko na dume ngapi, anajibu moja tu, basi namuomba azigeuze moja moja apige foto ya chini anitumie, na mara nyingi ni dume tatu ao ine mu kizimba moja. Dawa haiko hapo. Siku alizinunua hakuna mutu aliyeziangalia chini, ao aliangalia haraka haraka akaona "kamustari" akasema hii ni jike, ikaisha.

Mimi pia ilinipata. Nilipoanza hapa Bukavu, mu Sud-Kivu ya Kongo, nilinunua sita, muuzaji akaniapia kabisa tano ni za kike na moja ya kiume, nikazitia mu kizimba nyuma ya jiko ya mama na nikaanza kuhesabu siku. Mwezi moja, miwili, karibu mitatu, hakuna mutoto ata moja, ila masikio yanaanza kupasuka na migongo iko na vidonda. Mama moja jirani wetu, mutu wa Walungu, akaja akaketi ku kigoda, akazigeuza moja moja ku mapaja yake: dume, dume, jike, dume, jike, dume. Haikufika dakika tano. Dume ine. Na zile jike mbili zilikuwa zimekonda vibaya sana juu zilikuwa zinakimbizwa muchana na usiku hazipate ata wakati wa kula. Siku ile akanishika kidole akanionyesha pa kuminya, na mambo mengi naandika hapa yanatoka mu kile kidole chake.

Kwa wenye hawajui, dende ni kobayi ya Kifaransa, Tanzania banaiitaka simbilisi. Asili yake ni milima ya Ande kule Peru na jirani zake, huko banaifuga kwa nyama miaka maelfu. Huku Sud-Kivu imekuwa mifugo ya mama na ya watoto, juu ngombe na mbuzi ziliibwa mingi mu vita na dende inafichika mu jiko, inakula majani na maganda ya chakula, haiombe shamba kubwa. Nyumba nyingi za Kabare na Walungu daftari ya mutoto inatoka ku dende. Kwa hiyo kukosea dume na jike si jambo ndogo, ni pesa ya masomo inapotea.

Mbele ya kukuonyesha mikono inafanya nini, weka kwanza hizi namba mu kichwa, bila hizo hutaelewa kwa nini nasisitiza siku fulani. Mutoto wa dende anazaliwa na manyoya yake, macho wazi, meno tayari, siku hiyohiyo anatembea, na siku chache tu anaanza kutafuna majani. Ananyonya karibu wiki tatu. Sasa sikia vizuri: dume anaweza kuanza kupandisha tangu wiki tatu, wengine wanachelewa, lakini wale wa haraka wanaanza hapo, na jike anaweza kubeba mimba tangu wiki ine ivi, yeye mwenyewe akiwa bado mutoto. Mimba inachukua wiki tisa mpaka kumi, siku 63 mpaka 70 kwa wingi. Inazaa mbili, tatu, ine, mara moja moja inafika sita. Na mama akimaliza kuzaa anaingia joto (anakubali dume) tena palepale, ni masaa tu, kama dume yuko karibu anapandishwa siku ileile. Sasa jumlisha: kama umeacha dume kidogo uliyemuita "jike" pamoja na mama yake na dada zake, nyuma ya wiki chache amekwisha kuwapa mimba wote. Ndio maana unaona mu majiko mengi dende zinazidi kuwa ndogo ndogo, watoto wanakufa, mutu anasema ni ugonjwa kumbe ni ndugu kwa ndugu.

Basi tuanze.

Kwanza tayarisha mahali. Mwangaza ni kila kitu, usifanye hii kazi mu jiko ya moshi saa kumi na mbili jioni. Toka inje asubuhi ao muchana, keti chini kabisa, ku kigoda ao ku mukeka, juu dende ikikuponyoka kutoka mapaja ya mutu aliyesimama inavunjika muguu ao mugongo na hapo umeipoteza. Weka kitambaa ku mapaja. Nawa mikono na maji ya uvuguvugu, mikono baridi inazifanya zijikaze tumbo na hutaona kitu. Kuwa na kikapu mbili ao makartoni mbili, moja ya zile umekwisha kuangalia na moja ya zile bado, la sivyo utageuza ileile mara tatu. Daftari na biki. Verni ya kucha ya rangi mbili kama unapata. Na telefoni yenye flashi, nitasema baadaye inafanya nini.

Pili kushika. Hapa batu banakosea sana. Usiikamate ku ngozi ya shingo sawa paka, usiivute ku muguu wa nyuma. Pitisha mukono moja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, mukono mwengine unabeba matako, halafu inua ikiwa karibu na mwili wako. Igeuze pole pole mugongo uegemee tumbo lako ao mapaja yako, kichwa kikiwa juu kidogo, si kining'inie chini. Ikianza kupiga makelele na kupiga miguu, ifunike macho na kiganja ungoje, inatulia. Dende si nyama ya kuuma, akikuuma mara nyingi ni juu umemubana. Kwa mutoto wa siku moja mukono moja unatosha, analala mu kiganja sawa yai, na kidole gumba kinabaki huru kufanya kazi.

Kama unadhani ni jike mwenye mimba kubwa, usimulaze mugongo. Uliza kwanza tumbo. Ukipitisha vidole pembeni ya tumbo pole pole bila kuminya unasikia mavimbe sawa viazi ndogo, na mimba ikikomaa unawasikia watoto wanapiga. Huyo muache, jinsia yake umekwisha kuijua. Kama lazima umuangalie, muinue tu mbele akisimama ku miguu ya nyuma mu mukono wako na mwenzako apitishe telefoni chini apige foto.

Tatu kuangalia. Tandaza manyoya na vidole viwili, kila upande moja, uvute ngozi kidogo kwenda pembeni na kidogo kuelekea tumbo. Mu dende, tundu ya mukojo na tundu ya mavi ziko karibu karibu, kwa dume na kwa jike, kwa hiyo ile kanuni ya "pima umbali kati ya tundu mbili" yenye batu banatumia ku nyama zingine, hapa haikusaidie, iache kabisa.

Jike: ukifunua vizuri unaona alama sawa herufi Y. Mikono miwili ya juu ya Y inakumbatia kauvimbe kadogo, hako njo ka mukojo, pale mikono inakutana njo njia ya uzazi, na muguu wa Y unashuka kuelekea tundu ya mavi. Njia ya uzazi ya dende inafungwaka na kangozi kembamba, inafunguka tu wakati wa joto na wakati wa kuzaa, kwa hiyo usishangae ukiona hakuna tundu wazi, na usijaribu kuifungua na kucha. Kitu unatafuta ni umbo la Y na mikunjo laini pembeni.

Dume: unaona sawa herufi i ndogo. Nukta ya mviringo juu, sawa kifungo cha shati, na mustari mufupi chini yake unaenda ku tundu ya mavi. Kwa dume mukubwa pembeni mbili zimevimba, ni makende, lakini angalia: dende dume anaweza kuyarudisha ndani ya tumbo akiogopa ao akisikia baridi, kwa hiyo kukosa kuyaona haimaanishe ni jike. Nimeona mutu anauza dume la miezi mitano akiliita jike juu tu ya hiyo.

Sasa kwa nini batu banakosea kama ni rahisi hivyo? Juu dume naye ana kamustari. Ule mustari wa chini ya nukta unafungua kamufuko kenye kutoa harufu na mafuta, na ukivuta ngozi sana unapanuka, mutu anasema "ona, imepasuka, ni ya kike". Na jike naye ana kauvimbe ka mukojo juu, mutu akiangalia bila kufunua anaona nukta anasema "dume". Yaani macho peke yake, kama haujazoea, yanakudanganya pande zote mbili. Mimi na miaka yangu yote mu hii kazi sitangazi jinsia ya mutoto na macho tu.

Nne, na hapa nakuomba usome pole pole, kidole gumba. Weka gumba juu kidogo ya ile nukta, upande wa tumbo, si upande wa mavi, umbali wa nusu sentimita kwa mutoto na kama sentimita moja kwa mukubwa. Minya pole pole kuelekea ndani, halafu sukuma kidogo kuelekea nukta. Nguvu yake ni ile unatumia kujaribu kama avoka imeiva, haipite hapo. Kama ni dume, uume unatoka nje, kwa mutoto ni kadogo sana sawa ncha ya biki, kwa mukubwa unaonekana wazi. Kama ni jike hakuna kitu kinatoka, unaona tu ile Y inafunguka zaidi.

Mara zingine kwa dume pia hautoke mara ya kwanza, amejikaza. Usiongeze nguvu. Tembeza gumba kushoto na kuume juu ya ile sehemu ya upande wa tumbo, kama ni dume unasikia chini ya ngozi kitu sawa kamuti ka kiberiti kanateleza chini ya kidole. Dende dume ana kamufupa mu uume wake, ndio hicho unasikia. Kwa jike unasikia laini tu, hakuna kamuti. Hii ya kusikia chini ya ngozi njo yule mama wa Walungu alikuwa anatumia, alikuwa anageuza na kupitisha gumba, ata haangalie, anaongea na mama yangu mambo ya soko, na hakukosea ata moja.

Ukikosa jibu baada ya kujaribu mara mbili, irudishe mu kizimba, andika "?" mu daftari, uirudie kesho. Kuminya minya dakika kumi kunaiumiza na kunaipa woga, na dende yenye woga inaacha kula. Dende kuacha kula siku nzima ni hatari, tumbo lake halikubali kukaa tupu.

Kama unajifunza, anza na zile hakuna mashaka: jike unayemujua amezaa na dume mukubwa mwenye makende wazi. Wageuze wale wawili kwanza, piga foto ya kila moja kwa karibu na flashi, weka hizo foto mbili mu telefoni. Halafu kila mutoto unapiga foto unakuza na vidole unalinganisha na zile mbili. Kwa watoto wa tumbo moja ni rahisi zaidi, wapange watatu ao wane kando kando, tofauti inajionyesha yenyewe kuliko kuangalia moja peke yake.

Alama za uongo sasa. Chuchu: dume na jike wote wako nazo mbili, basi achana nazo. Ukubwa: dume mara nyingi anazidi kidogo lakini mu tumbo moja unaweza kupata jike mukubwa na dume mudogo, mutoto aliyezaliwa peke yake anakuwaka mukubwa kuliko wa watatu awe wa kike ao wa kiume. Kichwa kipana, shingo nene, hizo ni hadithi za soko. Na ule wimbo, ile kuunguruma akizungusha matako akizunguka mwenzake, kweli dume njo anaifanya sana, lakini jike mu joto anaifanya, na jike mukubwa mwenye kutawala wengine anaifanya pia. Kupandana vilevile, jike anapandaga jike mwenzake. Ukiona hayo yakupe wazo la kugeuza tena na kuangalia, yasikupe jibu.

Lini uangalie? Mimi naangalia mara tatu na sitaki kupunguza. Siku ya kuzaliwa ao kesho yake, juu wakati huo watoto hawajajaza manyoya na uchafu pale chini na wanakubali kushikwa, usiogope kusema mama atawakataa juu ya harufu ya mikono, dende hana hiyo tabia, ila usiwakae nao sana wasipate baridi, na Bukavu asubuhi baridi iko. Mara ya pili ni siku ya 21, hiyo usiruke kabisa, ata kama kuna kilio, ata kama kuna harusi. Siku hiyo dume wote wanatoka ku mama na kwa dada zao wanaenda mu kizimba yao. Jike wanaweza kubaki na mama, kama baba yao hayuko mule ndani. Mara ya tatu ni wiki ya sita mpaka ya nane, makende yameanza kuonekana, hapo unasahihisha kama ulikosea. Na kweli utakosea mara moja moja, ata mimi mwaka jana nilimuita mutoto moja jike mara mbili na wiki ya saba nikapata ni dume.

Kila ukitambua, tia alama palepale, usiseme nitakumbuka. Verni nyekundu ku sikio la kuume kwa jike, rangi ingine ku la kushoto kwa dume, inatoka kisha wiki moja mbili basi unarudishia. Usifunge uzi ku muguu ao shingo, inakua na uzi unaingia mu nyama. Mu daftari andika rangi ya manyoya, tarehe ya kuzaliwa, mama yake, jinsia, na alama ya "?" kama bado.

Ku soko mambo ni magumu zaidi. Muuzaji ana haraka, dende ziko mu kikapu ao mu mufuko, zimechoka, zimeogopa, dume zimerudisha makende ndani. Usilipe mbele ya kugeuza. Muuzaji muzuri atakuacha, atakushikia ata yeye mwenyewe. Anayekasirika ukimuomba kugeuza, mushukuru kwa heshima uende kwa mwengine. Sogea pembeni pa mwangaza, keti, fanya gumba. Chagua jike wa miezi miwili mpaka mitatu. Usichukue jike mukubwa unaambiwa "hajazaa bado", juu jike akifika miezi saba ivi bila kuzaa hata mara moja mifupa ya nyonga haifunguke tena vizuri, mutoto anakwama na wote wanakufa, nimewazika wawili hivyo na inauma. Upande mwengine, usimupandishe mapema sana, mungoje karibu miezi mitatu. Na dume umutoe ku soko ingine ao kijiji kingine, asitoke ku kikapu kimoja na jike. Dume moja anatosha jike watano mpaka kumi. Dume wawili mu kizimba yenye jike ni vita, hakuna mbinu ya kuwapatanisha, lakini dume ndugu waliokua pamoja bila jike karibu mara nyingi wanaishi salama mpaka kuuzwa.

Juu ya ile kamufuko ka dume niliyosema, dume muzee mavi laini yanajazana mule na anaanza kunuka na kukonda. Ukimugeuza kuangalia jinsia angalia na hapo, osha na maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo ya kupika, futa na kitambaa laini.

Wenye kufuga na sungura banachanganyaka. Kwa sungura unaminya pia, lakini kwa dume kinatoka kitu cha mviringo sawa kamupira kenye tundu katikati, kwa jike unaona mupasuko murefu unaoelekea upande wa mavi, na pale umbali wa tundu mbili unasaidia, kwa dume ni mukubwa kuliko kwa jike. Ukileta kanuni ya sungura ku dende utaita kila dende jike.

Na kama leo umesoma hii, umegeuza, ukapata dume wa wiki tano alikuwa mu kizimba ya dada zake? Mutoe leo hii, si kesho. Hesabu wiki kumi kutoka leo, andika hiyo tarehe ku mulango wa kizimba, na kila jike aliyekuwa naye umutendee sawa mwenye mimba mpaka tarehe ipite: majani mabichi kila siku, matembele, maganda ya matunda, juu dende mwili wake hautengenezi vitamini C na mwenye mimba anaihitaji zaidi. Usimugeuze tena mugongo. Wale jike wadogo wa wiki ine tano watenge na wakubwa wasinyang'anywe chakula, juu wanakua na kubeba wakati moja. Usiku wa kuzaa usiwashe taa mara kwa mara kuangalia, ngoja asubuhi, na ukikuta watoto, chukua kigoda, toka inje pa mwangaza, nawa mikono na maji ya uvuguvugu.